Fomu Isiyo na Yuko

Nchi ninayoisimulia ina jina zuri, lakini jina hilo limepelekwa wizarani kung'arishwa na hadi leo halijarudi. Kwa sababu hiyo nitaiita nchi yetu tu. Msomaji akiona inafanana na nchi yake, asinilaumu. Nchi hufanana kama watu wa ukoo mmoja, na hakuna aliyewahi kuulizwa sura aliyotaka kuzaliwa nayo.

Katika nchi yetu kulikuwa na upungufu. Serikali haikuuficha, iliutangaza kila mwaka kwa sauti ya huzuni. Kulikuwa na upungufu wa maji, wa dawa, wa madaraja, na katika miaka ya karibuni hata wa majani ya miti. Wataalamu walikaa hotelini siku arobaini wakiutazama upungufu huo kupitia dirisha, kisha wakagundua kosa lilipokuwa. Kosa halikuwa katika vitu. Kosa lilikuwa katika macho ya wananchi, ambayo tangu uhuru yalikuwa yameachwa yatazame yanavyopenda, bila kusimamiwa na wizara yoyote.

Ndipo ilipoundwa Wizara ya Mwonekano, na Miwani ya Taifa ikagawiwa bure, jozi moja kwa kila pua. Siku ya uzinduzi Mlezi Mkuu wa Taifa alisimama jukwaani akasema maneno ambayo baadaye yalichapishwa kwenye kanga.

"Nchi nyingine zinaongeza mishahara," alisema, "nyingine zinaongeza barabara. Sisi tumeongeza uhalisia wenyewe. Kuanzia leo, katika nchi hii hakuna tena mwananchi. Kuna mtumiaji."

Tulipiga makofi. Mwananchi ni neno zito kulibeba juani, na wengi wetu tulifurahi kulitua.

*

Mimi ninaitwa Zamaradi, mjane, mama wa mtoto mmoja, mkazi wa kitongoji cha Mnyauko. Watu waliokuja kwetu na miwani waliitwa Wabunifu wa Matumizi ya Kila Siku. Walituketisha chini ya turubai, wakatugawia soda, wakamwuliza kila mmoja swali ambalo hatukuwahi kuulizwa na serikali yoyote. Hawakuuliza unahitaji nini. Waliuliza: ungependa kuona nini?

Mzee Chilumba, jirani yangu, aliomba kuona daraja, kwa kuwa letu lilichukuliwa na mto. Daraja lake lilifika Alhamisi. Lilikuwa na taa, kingo za chuma, na bango la Mlezi Mkuu akitabasamu kila upande. Ijumaa watu watatu walidumbukia mtoni. Tangazo la Wizara lilifafanua kwamba hawakudumbukia. Walishuka darajani pasipo kufuata utaratibu. Wanawake wa upande wa juu waliomba maji, wakapewa bomba lililomwaga maji ya buluu mchana kutwa, pamoja na sauti yake. Ile sauti ilikuwa nzuri mno, na kiu ilizidi kadiri ulivyoisikiliza.

Zamu yangu ilipofika, nilikuwa mbele ya Bwana Ligalama, Afisa Uwepo wa wilaya, kijana mpole aliyevaa shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Nilimwambia kwamba ningependa kumwona binti yangu, Sikudhani, ambaye ni mwaka wa nne sasa tangu achukuliwe kufanya kazi ya serikali Mwisho-wa-Nchi, na hajapewa likizo hata mara moja.

Bwana Ligalama alifurahi hadi akasimama. Aliwaambia wenzake kwamba hatimaye wamepata hitaji la mtumiaji lenye hisia. Kisha akaketi, akafungua daftari, akauliza, "Binti yupo?"

Hapa ninaomba msomaji anivumilie. Kwetu, mtu akikuuliza kama mtoto wako yupo, hakuulizi kama ameketi jikoni. Anakuuliza kama Mungu bado hajamchukua. Nawe unajibu kwamba yupo, unashukuru, mnaendelea na habari za mvua. Kumjibu mgeni vinginevyo ni kumchuria mtoto. Basi nilijibu kama mama yeyote mwenye akili zake angejibu.

"Yupo, baba. Tunamshukuru Mungu."

Akaandika. Nililisoma neno lile kichwa chini, upande wangu wa meza, na nikaona fahari kwamba ninaweza kusoma hata maneno yaliyolala chali: YUPO. Kilichoandikwa juu ya safu ile sikukisoma, kwa kuwa kiwiko cha afisa kilikuwa kimekifunika. Kiliandikwa: MAHALI MTU ALIPO SASA.

*

Kusoma nilijifunza ukubwani, katika darasa la watu wazima lililofundishwa na Mwalimu Nyamizi katika ghala la pamba lisilo na pamba. Tulikuwa kina mama kumi na mmoja. Mwalimu Nyamizi hakutufundisha kama watoto. Alitueleza kwamba lugha yetu ni tajiri kuliko sisi wenyewe, kwa sababu ina njia tatu za kusema mtu yuko wapi, na kila njia ina adabu yake.

"Mwalimu yupo darasani," alisema. "Mnamwona. Mwalimu yuko mjini. Hammwoni, lakini mnajua hajapotea. Mwalimu yumo chooni, msimsumbue."

Tulicheka hadi Mama Tuhimidi akadondosha kifutio. Lakini mimi nilirudi nyumbani nikilitafakari lile neno la katikati. Yuko. Kwa muda wa miaka mitatu nilikuwa nimebeba kitu kifuani nisichokijua jina, na kumbe kilikuwa kimekaa ndani ya neno la herufi nne. Sikudhani hayupo. Sikudhani yuko.

Darasa lilikufa baada ya miwani kuja, kwa kuwa miwani ilisoma kila kitu kwa sauti. Ungelitazama bango, nayo ingekunong'oneza. Kina mama waliona hakuna tena haja ya kubeba madaftari. Tulibaki sita, tukabaki wawili, kisha nikabaki peke yangu, nikikaa dawati la mbele ili mwalimu asijisikie vibaya.

Mimi niliendelea kwa sababu ya jambo moja dogo. Siku moja nilipita zahanati nikiwa nimevaa miwani, nayo ikanisomea: Zahanati inakusubiri kwa hamu. Jasho lilikuwa limeniingia machoni, nikaivua ili nijifute. Bango lilisomeka: ZAHANATI IMEFUNGWA. Nikavaa tena, nikavua tena, mara nne. Nilidhani ni mimi ninayekosea silabi. Nilimpelekea Mwalimu Nyamizi shida yangu, akasema nilikuwa nasoma sawasawa.

Wiki iliyofuata alihamishwa. Wizara ilikuwa inatafuta sauti safi ya kusomea watumiaji mabango, na sauti yake ilikuwa safi kuliko zote wilayani. Tangu hapo nimekuwa nikimsikia mwalimu wangu kila siku sikioni, akinieleza kwa matamshi mazuri kwamba dawa zipo.

*

Binti yangu wa miwani alifika Jumatatu asubuhi. Nilivaa miwani, naye alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mafiga, magoti pamoja, kama alivyozoea kuketi. Nililia. Sitaficha kwamba nililia na kwamba nilimpikia.

Alikuwa na maneno yake. Ukimsalimu alisema, "Mama, mimi sijambo." Ukimwuliza kazi alisema inaendelea vizuri. Ukinyamaza kwa muda mrefu alisema, "Mama, taifa kwanza." Moshi ulipompitia usoni hakukohoa. Kwa wiki tatu nilimimina chai vikombe viwili, na kila asubuhi nilikunywa kimoja cha moto na kingine kilichopoa. Majirani walipita wakanipongeza. Mzee Chilumba, aliyekuwa bado anachechemea kwa ajili ya daraja lake, alisema angalau picha yangu mimi haina maji chini yake.

Lakini lilikuwapo jambo ambalo sikujua nimweleze nani. Zamani, Sikudhani alipokuwa mbali, nyumba ilikuwa tupu, nami niliuheshimu utupu ule kwa kuwa ulikuwa wake. Sasa utupu umechukuliwa. Mahali nilipokuwa nikimkumbuka pamekaliwa na mtu asiyenijua. Niliwahi kuwa peke yangu. Ila kuwa peke yangu mbele ya mtu sikuwahi.

*

Barua ililetwa na dereva wa lori la chumvi, aliyetoka Mwisho-wa-Nchi, naye aliniambia amekabidhiwa na msichana mwembamba getini. Ilikuwa karatasi iliyokunjwa mara nane. Niliifungua nikiwa na miwani usoni, na sauti ya Mwalimu Nyamizi ikanisomea: Mama, mimi sijambo, kazi inaendelea vizuri, taifa kwanza.

Nilitazama karatasi. Ilikuwa imejaa mwandiko pande zote mbili. Nikavua miwani, nikaketi mlangoni penye mwanga, nikaanza kusoma kwa kidole, neno kwa neno. Ilinichukua tangu chai hadi adhuhuri.

Aliandika kwamba kazi yao ni kupaka majani. Wako wasichana arobaini katika ukumbi mmoja, kila mmoja ana mkoa wake wa miti, naye kapewa mkoa wetu. Miti yote ya kijani niliyoiona kwenye miwani ni yeye aliyeipaka, jani moja moja, na kila akifika Mnyauko huongeza majani kidogo kwenye mti ulio nyuma ya nyumba yetu, ingawa haruhusiwi. Aliandika kwamba mwaka huu ameomba likizo mara tatu. Mara zote tatu amejibiwa kwa barua yenye mhuri kwamba ombi lake halieleweki, kwa kuwa kumbukumbu zinaonyesha mwombaji tayari yupo nyumbani kwa mama yake.

Mwishoni aliandika: "Nenda ofisini mama. Waambie sipo."

Nilivaa viatu.

*

Ofisi ya Uwepo, ukiitazama kwa miwani, haina foleni. Niliivua nikakuta foleni imezunguka jengo, nikaenda kusimama mwisho wake, nikawa mtu pekee aliyeshangaa kwa nini tumesimama. Nilipofika dirishani nilivaa tena, kwa kuwa sheria ya ofisi za serikali ndiyo hiyo. Nilipokelewa na Bwana Ligalama mwenye suti ya kijivu na tabasamu, akanikaribisha, akanikaribisha tena, na alipofika mara ya sita nikavua. Kiti kilikuwa kitupu. Bwana Ligalama mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia, anakula karanga.

Hakukasirika. Aliniomba radhi, akakung'uta maganda, akachukua fomu. Nilimweleza kila kitu tangu mwanzo. Alinisikiliza kwa huruma ya kweli, na huruma yake ndiyo iliyonitia hofu.

"Sasa mama," alisema, "kwa kumbukumbu: binti yako yupo au hayupo?"

"Yuko, baba."

"Hilo halimo kwenye fomu."

"Ndilo jibu."

"Ninakuelewa, mama yangu, hata mimi nimezaliwa na mama." Alivuta kiti karibu akashusha sauti. "Yuko lilifutwa. Lilifutwa na baraza la lugha mwaka juzi. Walisema serikali inayojua kila kitu kilipo haiwezi kuwa na neno la kutojua. Imebaki yupo na hayupo."

Nilimwomba basi aandike hayupo. Alishtuka akaivuta fomu kifuani kama mtu anayemzuia mtoto asishike moto. Alinieleza kwamba fomu yenye hayupo haibaki mezani kwake. Inapelekwa Idara ya Rambirambi. Huko mtu hufutwa katika daftari la walio hai siku hiyo hiyo, ndugu hutumiwa salamu za pole zenye maua, na kuanzia hapo hakuna ofisi nchini inayoweza kumpa marehemu likizo.

"Na unalalamika kuhusu nini hasa?" aliuliza, akavaa miwani yake, akabonyeza mahali, akatabasamu. "Ninamwona hapa. Ameketi vizuri tu jikoni kwako. Wenzako wana picha za mbuzi."

Alinisukumia fomu na kalamu, akaniambia niweke alama kwenye kisanduku cha kwanza, yaishe. Nilivitazama visanduku vile viwili. Kimoja kilikuwa kinamchukua mtoto wangu kwa kusema amekuja, na kingine kwa kusema amekwenda. Nikaandika kwa herufi kubwa, kuanzia ukingo mmoja wa karatasi hadi mwingine, juu ya visanduku vyote viwili: YUKO.

Bwana Ligalama aliangalia neno lile. Karanga zilimwanguka. Nadhani alikuwa hajaliona limeandikwa kwa siku nyingi, na kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa wa mtu aliyemkumbuka mtu wake. Kisha akapiga simu kwa mkubwa wake.

*

Kamati Maalumu ya Uwepo iliketi siku kumi baadaye, wajumbe tisa, saba kati yao wakiwa kwenye miwani tu. Mwenyekiti alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara, mtu mwenye shingo pana na sauti ya redio. Alianza kwa kunipongeza kwa mwandiko. Alisema mwandiko kama ule ni ushahidi wa mafanikio ya elimu ya watu wazima, ambayo kwa mafanikio yake hayo hayo imefungwa. Kisha akasoma hotuba.

"Kamati hii imeguswa. Tumebaini kwamba tatizo si kukosekana kwa mtu. Katika mfumo wetu hakuna anayekosekana. Tatizo ni la upande mmoja kuhudumiwa na upande wa pili kusahauliwa. Mama huyu amepewa binti. Je, binti naye amepewa nini? Ni dhahiri kwamba binti anaomba likizo kwa sababu hana mama. Kamati kwa hiyo inaazimia kwamba binti apelekewe mama, bila kuchelewa."

Wajumbe walipiga makofi, pamoja na wale ambao hawakuwapo.

Nilisimama. Niliomba, kwa heshima yote, kwamba kama wanataka kumpelekea mama, basi mimi niko tayari kwenda, mzigo wangu ni mdogo. Katibu Mkuu alicheka kwa upole akasema usafiri hauhitajiki. Sura yangu ingechukuliwa kwenye kitambulisho cha zamani. Nilipouliza kwa nini wasinipige picha mpya, afisa wa picha alinitazama kwanza kwa miwani, kisha bila miwani, akasema ile ya zamani ni rahisi zaidi kwa mtumiaji.

Niliporudi nyumbani niliketi mkabala na yule wa kigoda, nikaelewa kilichotendeka. Katika nchi nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa bado anahisi pengo langu. Sasa pengo hilo limepelekewa kizibo. Barua hazitakuja tena, kwa kuwa hapatakuwa na haja. Na kweli hazikuja. Nilisubiri lori la chumvi mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Dereva alisema msichana wa getini haji tena getini.

Mara ya nne nilimwomba anipakie.

*

Safari ilikuwa ya siku tatu, nami niliketi juu ya magunia bila miwani, nikisoma kila kibao kilichopita. Nilisoma HAKUNA NJIA mahali ambapo kwa miwani pana barabara ya njia nne. Nilisoma majina ya vijiji ambavyo sikuwahi kujua vipo. Miti yote ilikuwa mitupu. Niliitazama nikijua kwamba mtu fulani, mahali fulani, anaipaka.

Katika kizuizi cha mwisho askari alinishusha. Kutembea bila miwani ni kosa, na kusafiri bila kibali ni kosa la pili. Alinielekezea kifaa chake, akasoma, akanisogelea, akasoma tena.

"Mama, wewe upo nyumbani kwako Mnyauko," alisema.

Nilimwambia kwamba huenda.

"Na pia upo Mwisho-wa-Nchi, tangu mwezi uliopita." Alijikuna kisogo kwa kifaa. Kumkamata mtu aliyepo nyumbani kwake ni kinyume cha sheria, na kumzuia asifike mahali ambapo amekwisha kufika hakuna fomu yake. Alimwita mwenzake, wakashauriana, wakakubaliana kwamba hapo barabarani hapakuwa na mtu. Mwenzake alinipa mkono kunirudisha juu ya magunia, akiangalia pembeni.

*

Ukumbi wa wapaka majani ni mrefu na hauna madirisha. Bawabu alinipitisha kwa sababu ile ile ya askari. Ndani walikuwamo wasichana arobaini, wote na miwani, kila mmoja ameshika kijiti anachokipitisha hewani kwa uangalifu. Kando ya kila msichana paliwekwa kigoda kitupu. Wote walikuwa wakizungumza, kwa sauti za chini, kila mmoja na kigoda chake. Wengine walicheka. Mmoja alikuwa anakipa kigoda habari za jino lake linalouma.

Sikudhani alikuwa wa mwisho, pembeni ya ukuta. Nilikwenda nikasimama mbele yake. Macho yake yalinipita. Miwani hairuhusu mtu mmoja aonekane mara mbili, na akitokea wa pili, huyo wa pili hufutwa ili asimchanganye mtumiaji. Wa kwanza alikuwa ameshaketi. Mimi ndiye niliyekuwa marudio.

Nilisimama pale nikimsikiliza akimsimulia. Alikuwa anasema kwamba wiki hii amemaliza miembe yote ya tarafa, na kwamba msimamizi amemsifu. Alikuwa na furaha ya aina fulani, tulivu, kama ya mtu anayepata nafuu.

"Nimeacha kuomba likizo, mama," alikiambia kigoda. "Niombe ya nini, na wewe upo?"

Ningeweza kugeuka. Lori lilikuwa linarudi jioni ile ile. Nilifikiri kwamba hanihitaji tena, na kwamba mama yule hachoki, hana mgongo unaouma, na hatamwacha afukuzwe kazi. Nilifikiri hayo kwa muda ambao kijiti chake kilipaka matawi mawili. Kisha nikasogea, nikaketi kwenye kigoda, ndani ya yule mwanamke, nikamtazama mtoto wangu kwa karibu. Mifupa ya shingo ilikuwa imetokeza. Vidole vilikuwa kama kijiti alichoshika.

"Umekonda," nikamwambia.

Kijiti kilisimama. Mama waliopitishwa na Wizara wana sentensi kumi na moja, na hiyo haimo, kwa kuwa katika nchi yetu hakuna anayekonda.

Alibaki ameketi bila kugeuka. Halafu akapeleka mikono yote miwili usoni, akaivua miwani, jambo ambalo wapaka majani hawaruhusiwi kulifanya wakiwa kazini hata kama wanataka kujifuta machozi. Aliutazama kwanza ukuta, uliokuwa wa matofali mabichi yasiyopigwa lipu. Kisha akanitazama mimi. Alinitazama kwa muda mrefu, akimtafuta yule aliyekuwa akiishi naye, na niliona alipokata tamaa ya kumpata.

"Mama," alisema, "umezeeka."

"Ndiyo, mwanangu."

Akanyoosha kidole kimoja akanigusa shavuni, polepole, kama mtu anayepima kama rangi imekauka. Kisha akauweka mkono wote. Kandokando yetu wasichana thelathini na tisa waliendelea kuzungumza na vigoda vitupu, na hakuna hata mmoja aliyegeuka.